Keria Niliyoifungua

Mwanangu, kaa chini unisikilize, maana nimekasirika na sitaki kuficha. Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka kwa aibu mpaka leo. Baba alikuwa na baiskeli moja, aliyoinunua kwa fedha za kahawa yake, lakini ilitumiwa na kijiji kizima kule ndani, mbali na lami ya Nanyala. Ilibeba mahindi, ikabeba mabati, ikabeba wagonjwa.

Nilikuwa nimefika Tunduma mara mbili tatu, nikaona vijana wa mjini na baiskeli zisizo na keria ya mizigo nyuma, wamekaa kimaridadi, hakuna wa kuwaambia nibebe. Nikatamani. Baba alipokwenda msibani Ileje, nikafungua keria, nikambadilishia fundi mmoja wa pale Mpemba, karibu na Tunduma, kwa kengele. Kengele, mwanangu.

Wiki ileile shemeji yangu, mke wa kaka, akashikwa na uchungu. Kwetu mzazi alikalishwa kwenye keria, wawili wakasukuma hadi hospitali ya Mbozi Mission. Kaka akaja mbio, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. Tukafunga machela ya miti, tukapokezana mabegani, polepole. Mtoto alizaliwa njiani, wala hakulia.

Baba aliporudi alisema, "Ulitaka watu waone huna wa kumbeba. Haya, yupo mmoja hutambeba kamwe."

Sasa wewe na pikipiki yako. Jana nimekuona kwa macho yangu, hapa Tunduma karibu na mpaka, ukimpigia honi yule mzee mwenye magunia kwenye baiskeli mpaka akaanguka mtaroni. Ukamwita mshamba, ukacheka. Mshamba nani? Unga na sukari ya mji huu, huku na ng'ambo ya Zambia, vilipita juu ya baiskeli kabla hujazaliwa. Waliozisukuma ndio waliowasomesha baba zenu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Siku petroli ikikosekana, mkeo atabebwa na nani?

Nakuusia hivi: chombo kinachobeba watu usikifanye pambo, na mwenye mzigo mpishe njia, hata kama una haraka. Baraka yangu ipo, ila leo sikupi. Nenda kwanza kamwombe mzee yule radhi, ukamsukumie magunia yake hadi sokoni, kwa miguu, watu wakikuona. Ukirudi nitakuwekea mkono kichwani, nimwombe Mungu akulinde barabarani na akujalie watoto wanaolia.