Mbithe na Mipini Yake

Hapa kwetu Makueni tunachimba matuta pamoja, kwa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana. Mpini wa jembe la mmoja ukivunjika, mstari mzima unasimama, na mvua haimsubiri mtu. Kwa hivyo tuliketi kuamua: tununue mipini ya mjane Mbithe, anayechonga mwenyewe na kula kwa kuchonga, au ya dukani kwa Ndeti?

Ndeti akaja na jembe la mamake. "Mpini huu nimeuza mimi, na umemaliza misimu mitano!"

"Mbona umetuletea mmoja, kama bibi harusi?" Mbithe akamuuliza. "Wenzake wako wapi?"

Tukacheka. Wenzake walikuwa wamevunjika, tukawafanya kuni za chai.

"Taja siku yoyote," akaendelea, "ya wiki ya kwanza au ya mwaka wa tatu. Siku hiyo mipini yangu mizima itakuwa mingi kuliko yako. Nani anabisha?"

Mama Ben, mwenyekiti, akataka amani. "Basi tuchukue nusu kwa nusu."

"Mama Ben, mpini wa Ndeti ukivunjika, wangu utafanya nini? Utasimama nao! Chukueni yote yangu au mniache niende."

Mama Ben akatazama mawingu, kisha akanunua yote ya Mbithe.