Matete Aliyoyang'oa Shefu Melkiades

Aliya Hadji alizaliwa Rumonge tarehe 3 Machi 2003, katika nyumba ambayo leo imo ndani ya Ziwa Tanganyika. Maji yakitulia, ukiwa mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, utaona ncha ya ukuta wa jikoni. Ndege hutua hapo. Aliya huwaonyesha wageni bila huzuni kubwa. Familia ilihamia juu kidogo, yeye akajifunza ushonaji, na kibanda chake sokoni hakikosi gauni la harusi linalosubiri vifungo.

Kinachomkosesha utulivu ni nyumba zilizobaki. Mvua za miaka hii zinakuja kwa fujo, ziwa linapanda, na ufuko uliobaki mtupu unamegwa kila wimbi likipiga. Yeye na vijana wenzake wamewaomba viongozi muda mrefu waurudishie ufuko matete yake na kuzuia yasikatwe. Shefu wa kartie yao, yaani mtaa wao, mzee Melkiades, mtu mpole, alikuwa na jibu moja: "Tutaona." Walipochoka kungoja aone, wakapanda wenyewe kipande mbele ya nyumba za mwisho.

Jumamosi asubuhi watu wote hutoka kwa kazi za jamii. Jumamosi moja amri ilikuwa kufyeka vichaka vya ufukweni, kwa sababu ya mbu. Aliya alichelewa, bibi harusi mmoja alikuja nyumbani kwake na gauni lililombana. Alipofika, ufuko ulikuwa mweupe. Shefu mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa amekumbatia furushi la matete, mizizi ikining'inia.

"Amahoro, mutoto wangu! Umekosa kazi."

"Amahoro, Shefu. Hayo ni matete yetu. Yale tuliyopanda."

Shefu akabaki na furushi lake kifuani. Juma, mvuvi, ndiye aliyeanza kucheka.

"Shefu amefagia njia! Ziwa likija kumutembelea, lisichafue miguu."

Wote wakaangua kicheko, pamoja na wale walioshika matete mikononi.

Aliya hakujua acheke au alie. Baada ya kazi watu huketi, shefu hutoa matangazo, na neno likishatamkwa mbele ya wote ni vigumu kulirudisha. Asipolipata leo neno la kuyarudisha matete, mvua zitatangulia.

"Yaliwapa taabu kuyang'oa, Shefu?"

"Taabu? Mugongo wangu umekwisha! Yameshika udongo kama mutoto anashika nguo ya mama yake."

"Basi na ziwa lingepata taabu hiyohiyo."

Melkiades akayatazama matete, kisha ncha ya ule ukuta majini. Katika jiko lile aliwahi kula samaki wa mukeke aliyepikwa na mama yake Aliya, akaomba wa pili.

"Niseme nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Museme yanarudi leo. Jumamosi ijayo tupande ufuko wote, hadi michikichi ya mwisho. Na atakayekata, akutane nanyi."

"Na mugongo wangu?"

"Ninyi mutashika kamba ya kunyoosha mistari."

Akasimama mbele ya watu, akayasema yote, hata la kamba.

Matete yalirudishwa udongoni kabla ya jua kuyakausha. Jumamosi ijayo kartie nzima itapanda kuanzia mwaloni, na Aliya amekwisha kuwaambia mabibi harusi wake waje Ijumaa.