Nilivyomnyoa kwa wembe wa kukunja mzee mwenye meno ya bandia, Bujumbura, asubuhi ya posa

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna mwenzetu humu aliuliza kama baba yake, anayevaa meno ya bandia, ayavue au abaki nayo anaponyolewa kwa wembe. Watu wakacheka, swali likapotea.

Mimi jibu ninalo, ila limekaa ndani ya stori. Ni ya kweli, wembe niliushika mimi mwenyewe.

Kwetu Kigoma. Shule niliachana nayo mapema, miguu ilikuwa inaniwasha. Miaka ya tisini, Burundi iko vitani, wenzetu wanakimbia kuja kwetu, mimi nikavuka kwenda kwao. Msiniulize akili hiyo niliitoa wapi. Nilitaka kuona.

Bujumbura nikaangukia mtaa wa Musaga, kwenye saluni ya Papa Riziki, Mkongomani wa Uvira. Nikaanza kwa kuchemsha maji na kufagia nywele, baadaye akanikabidhi ndevu.

Enzi hizo nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo. Nyembe za dukani zikaadimika. Papa Riziki akafufua wembe wa kizamani, ule mrefu unaokunjwa kwenye mpini, unaonolewa kwa mkanda wa ngozi. Nilivyo mdadisi, nilimuuliza maswali mpaka akachoka, akanifundisha.

Wateja vibogoyo walikuwepo. Shavu lao limebonyea, wembe unapita juu ya shimo, ndevu zinabaki. Papa Riziki alikuwa anaingiza mgongo wa kijiko mdomoni, anasukuma shavu nje, ananyoa. Mwenye meno ya bandia alimwambia ayatoe kwanza, kisha kijiko kile kile.

Hiyo ndiyo njia pekee niliyoijua.

Jumamosi moja akaja Mzee Melkiori, nadhifu, shati jeupe, anakwenda kumposea mpwa wake.

Sasa, kwa wasiojua: posa ya Warundi ni pambano la maneno. Kila upande una msemaji. Upande wa binti wanajifanya hawajui mmefuata nini, wanarusha mafumbo, na msemaji wenu anatakiwa kujibu papo hapo. Akikwama, mnaweza kuambiwa mrudi siku nyingine. Huyo mpwa alisharudishwa mara moja, msemaji wake alizidiwa. Ndiyo maana safari hii wakamwita Melkiori.

Shughuli ni mchana huo huo, mlimani Kinanira, maana jioni hairuhusiwi kutembea.

Nimeshampaka povu uso mzima, akaingia Mzee Gaspari kutoka Kinanira, naye anataka kunyolewa. Ndiye msemaji wa upande wa binti.

"Eee Melkiori," akasema akikaa kwenye benchi nyuma yetu. "Kumbe ni we balituma?"

"Ni mi," Melkiori akajibu. "Jitayarishe."

Nikaushika wembe. Nikavuta shavu kwa kidole ngozi ikaze, nikasikia kitu kimeachia mdomoni mwake. Kak.

Meno ya chini, safu nzima, yalikuwa yameng'oka kwenye fizi.

Sikujua kama ana meno ya bandia. Musaga nzima haikujua. Macho yake yakanitazama kwenye kioo, na sijawahi kuombwa kitu kwa namna ile.

Kuyatoa ni kumpa Gaspari kichekesho cha mchana kutwa. Kuyarudisha ni kuingiza vidole mdomoni mbele yake, na povu lote lile. Kijiko ndiyo kabisa.

Nikainama sikioni. "Mzee, yaume. Funga mdomo, usiufungue mpaka nimalize."

Akauma.

Kumbe wakuu, ndiyo dawa yenyewe. Yakiumwa yanatulia. Shavu linajaa kama la kijana, unavuta ngozi kidogo tu na wembe unateleza. Mdomo wa juu anauvuta chini mwenyewe, unapita mara moja. Nilikuwa najifunza pale pale, juu ya koo la mtu.

Tatizo lilikuwa moja. Mteja mwingine anaongea unapofuta wembe. Huyu akifungua mdomo, meno yanadondoka mapajani.

Na Gaspari akaanza.

"Melkiori, leo nitakuuliza, hiyo ng'ombe yenu ilipita ku bariyeri na karangamuntu gani?"

Benchi zima likacheka. Ng'ombe ni wa mahari, karangamuntu ni kitambulisho. Bila hicho, basoda, yaani askari wa kizuizini, hawakupitishi.

Melkiori akazidi kuuma.

"Nitakuuliza tena. Nyie ba uku chini, muko na pumzi ya kupandisha mutoto wetu ku mulima kila siku anakumbuka mama yake?"

Taya la Melkiori lilikuwa linatetemeka chini ya wembe, jibu linataka kutoka. Nikamnong'oneza, "Bado, mzee."

"Muzee Gaspari," Papa Riziki akasema, "ungebakisha kidogo ya muchana."

"Nibakishe ya nini? Mutu mwenyewe ni redio bila betri. We Melkiori, nyembe inakata ndevu, haikate ulimi. Nitakuambia kwetu apana binti, kuna mbegu moja tu ya mahindi, murudi na debe yenu."

Akaendelea hivyo mpaka kidevu kikaisha. Nikamfunika Melkiori uso kwa taulo la moto, na chini ya taulo nikaona vidole vyake vikifanya kazi. Lilipotoka, meno yamekaa, uso unang'aa, hakuna hata tone la damu kwenye shati.

Akamwambia Gaspari, "Tutaonana," akatoka.

Mchana nikabeba kreti ya bia nikaenda Kinanira na kina Melkiori. Hilo nisingelikosa.

Gaspari akasimama, akauliza la ng'ombe na karangamuntu. Watu wakacheka. Melkiori akainuka taratibu.

"Baliiuliza karangamuntu. Ikaonyesha maziwa. Basoda bakakunywa, bakafungua bariyeri."

Kelele.

Gaspari akaleta la pumzi.

"Mutoto atapanda na bwana yake. Na mama akimukumbuka, atashuka. Kushuka haiombe pumzi."

Akaleta la mbegu.

"Debe tumeacha ku nyumba. Mbegu moja inabebwa mu mukono."

Gaspari akatafuta fumbo jingine, hakuna. Yote alikuwa ameyamwaga kwenye benchi letu. Akaanza kucheka yeye mwenyewe, akawageukia ndugu zake.

"Asubui niliona nyembe iko ku shingo ya Melkiori. Kumbe ilikuwa ku shingo yangu. Muite binti."

Binti akatoka, vigelegele vikapanda.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza: baba asiyatoe. Ayakaze kwanza, ayaume, afunge mdomo. Wewe vuta ngozi polepole, usiivute kwa pupa kama mimi. Na asiongee. Kwa Melkiori kunyamaza ndiko kulikomwozesha mpwa wake.

Vinyozi mliomo humu, nikosoeni kama mna njia bora. Na wenye wazee wanaovaa, semeni huko kwenu mnawanyoaje. Bado napenda kujua.