Muringa Niliouapia

Jambo lote lilinigharimu shati moja, nusu ya nduma iliyochemshwa, na usingizi ambao sijui niuhesabu kwa siku au kwa saa. Nimejumlisha mara mbili. Shati ndilo pekee ninaloweza kulisahau.

Mimi ni mtu wa Runyenjes. Kwa miaka mingi nilikuwa dalali wa ndizi, kazi ya kusimama kati ya mkulima anayelia na mnunuzi anayelia, nawe ulie kuwashinda wote wawili. Dalali asiyehesabu mara mbili si dalali, ni mfadhili. Kwa hiyo mhadhiri mmoja wa Embu alipotafuta mtu wa kumsaidia kupima miti ya mijini, akaambiwa kuna mzee anayehesabu mpaka ngazi za kanisa. Kwa umri ningeweza kumzaa, lakini nilimwita Madam, na nilibeba betri.

Mashine yenyewe ilikuwa kama tochi ya mlinzi yenye kichwa kinachozunguka. Unaishika mkononi na kuuzunguka mti polepole, kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha, na ni sharti umalizie palepale ulipoanzia, la sivyo hesabu yake inapotea. Inarusha miale usiyoiona, miale inagonga gome na matawi na kurudi, na kwenye tableti mti unatokea wote, umeumbwa kwa nukta. Nukta zilikuwa nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu, na hilo liliniudhi tangu siku ya kwanza.

Sikuiamini. Nikabuni utaratibu wangu. Mti nikiuhesabu mara ya kwanza, nauchora mstari mmoja ulioinama kwa chaki. Nikirudi mara ya pili, nachora mstari mwingine unaokata ule wa kwanza. Embu mjini tulimaliza salama. Mlinzi mmoja tu aliniuliza kama miti imechanjwa, nikamwambia ndiyo, ya surua, akaridhika.

Tulipofika Meru mvua ilifuta chaki yangu yote nyeupe. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi nikanunua chaki ya nta, ile ya mafundi wa mbao. Rangi iliyokuwa imebaki ilikuwa nyekundu, haina mnunuzi, nikaipata kwa nusu ya bei. Nilijisifu njia nzima.

Pembeni mwa soko la Gakoromone kulikuwa na miti tisa. Nilikuwa nimekata mstari wa tisa, kwenye muringa mkubwa kuliko yote, niliposikia kimya. Soko halinyamazi bure. Nikageuka.

Chini ya muringa ule alikaa mama mmoja muuza nduma, mtu wa makamo, mwenye leso kiunoni. Sasa alikuwa amesimama. Nyuma yake walikuwa wanawake nikawahesabu kumi na saba, nikarudia nikapata ishirini na mmoja, maana walikuwa wanaongezeka.

"Wewe," mama akasema. "Hiyo eksi ni ya nini?"

Ndipo nilipouona mti wangu kwa macho yao. Eksi nyekundu. Kila mtu katika nchi hii anajua eksi nyekundu ukutani ni salamu ya tingatinga la kubomoa. Na mimi nilikuwa nimeziandika tisa, kwa mkono mzuri kabisa.

"Mama, ni hesabu tu."

"Ni hesabu! Kule chini kwa barabara waliandika hesabu Jumatatu, Alhamisi tinga likakuja kufanya jumlisha."

"Ni kutoa," mwingine akadakia. "Na huyu anaongea kama mtu wa Embu. Embu miti imeisha, mumekuja kumaliza yetu?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea nyuma. Mwenye mkokoteni mmoja alishausimamisha nyuma ya Madam, njia ikazibwa. Nimeona mtu akiitwa mwizi sokoni. Ni neno moja tu, linasemwa mara moja, halirudiwi.

Nikafanya ninachojua: nikaomba bei. "Mnataka nini ndio mjue nasema kweli?"

Mama hakufikiri sana. "Futa."

Chaki ya nta haifutiki. Nilivua shati, nikalichovya kwenye ndoo yake ya kuoshea nduma, nikasugua eksi tisa mbele ya soko zima, kifua wazi, baridi ya Meru ikinichuna. Zikabaki madoa ya waridi. Kisha akaniambia niukumbatie mti kwa mikono yote miwili na niape. Nikasema: hakuna mti utakaokatwa hapa kwa mkono wangu wala kwa neno langu. Akaimega nduma moja ya moto, akala nusu, akanipa nusu.

"Sasa umekula na mimi," akasema. "Ukinidanganya, utajua mwenyewe tumboni."

Nduma ilikuwa tamu. Nililegea kwa furaha ya kuwa mzima.

Baada ya wiki tatu za mvua kubwa nilimsumbua Madam turudie Gakoromone. Alisema mashine haihitaji kurudiwa. Nikamwambia mimi ndiye ninayehitaji. Wanawake walitupokea vizuri, wakanitania nimekuja na shati gani leo. Tukapima. Jioni, kwenye meza ya chai, Madam aliweka picha ya zamani juu ya ile mpya. Miti minane ililaliana sawasawa. Muringa ukatoka pembeni, kama mtu anayechungulia nyuma ya mwingine.

"Umeinama," akasema. "Vidole vinne, pale juu."

"Mashine imekosea."

"Inaweza kukosea kidole kimoja. Si vinne."

Kesho yake asubuhi nilienda peke yangu na timazi ya fundi wa mawe. Nikaifunga kwenye tawi, nikakizika kizibo cha soda pale ncha ilipoelekea. Mvua ikanyesha siku mbili. Nikarudi, nikaifunga palepale. Ncha ilikuwa imehama kizibo. Nikaifungua, nikaifunga tena. Ilikuwa imehama. Upande wa pili mizizi ilikuwa imeinua udongo, na kwenye ufa wake mkono wangu uliingia mpaka kwenye saa.

Mti uliinamia gunia la mama.

Nikamwambia. Nilianza na hali ya hewa, kama kawaida ya dalali, nikaishia kwenye mti unaoinama.

"Kwa hivyo utakatwa," akasema.

"Mama, sogea tu. Hatua kumi. Mpaka mvua iishe."

"Mama yangu aliuza hapa. Nikisogea hatua kumi, kesho mwingine ameweka gunia. Na wewe uliapa hautakatwa. Ulikuwa unadanganya wakati ule ama unadanganya sasa?"

"Wakati ule nilikuwa sijui."

"Na sasa unajua." Aliutazama mti, akanitazama. Kisha akataja bei yake, na mimi, dalali wa miaka yote hiyo, sikuona mtego. "Sawa. Mimi nitauza pale kwa jua mpaka jioni. Wewe kaa hapa, unishikie mahali."

Nikakaa. Nilikaa juu ya debe lake kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja. Upepo ukija, mti ulilia kidogo pale shinani, sauti ya mlango wa zamani. Nilihesabu vilio: thelathini na mbili. Sikuvirudia, ndiyo mara pekee maishani. Kila aliyepita alinisalimia, nami nikaitikia nikitazama juu.

Jioni mama akarudi na gunia lake, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Haya, toka. Umekaa siku nzima na hujakufa. Nilitaka tu kuona kama wewe mwenyewe unauamini mti huu. Kesho naketi mahali pangu."

Hilo ndilo nililofanya. Nilitaka kumtoa, nikamthibitishia kwa mwili wangu kwamba ni salama.

Ripoti tumeipeleka ofisi ya kaunti. Muringa uko kwenye ukurasa wa miti ya hatari, na mimi nilitia sahihi kwa mkono uleule uliokula nduma. Ofisini walisema watakuja wakipata msumeno mrefu. Siku ngapi, hawakusema. Nimepita mara nne, na kizibo kiko mbali zaidi na ncha ya timazi. Kila nikimwonya, huita wenzake: "Njooni mumsikie, huyu ndiye alikaa hapa siku nzima!" Wanacheka, na mimi natazama juu.

Kwa hiyo nauliza, na sioni aibu kuuliza. Kama yuko mtu aliyewahi kumtoa mama wa soko mahali pa mama yake, kabla ya msumeno na kabla ya mti, aniambie alianza na neno gani. Yangu yote nimeshayatumia.