Mchoraji Aliyeitwa S. Kazungu

Harufu ya masizi yaliyokorogwa na utomvu wa mkorosho ndiyo harufu ya wino wa kwanza nilioujua. Dada yangu Sidi aliutengeneza mwenyewe nyuma ya jiko letu la Changamwe, ndani ya kifuu cha nazi, kwa sababu vita vya dunia vilikuwa havijaisha na wino wa dukani ulikuwa adimu. Baba, fundi wa chuma katika karakana ya reli, alimletea karatasi za kaki zilizofungiwa vipuri. Kila alasiri, tukishatoka kupalilia mihogo, Sidi alilala kifudifudi juu ya jamvi akachora, nami nikapewa kazi ya kujaza weusi kwenye nywele na viatu. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi minane. Sijawahi tena kukaa karibu na mtu kwa namna ile, tumenyamaza wote wawili na hakuna aliyejihisi mpweke.

Alichora hadithi za picha za mtu aliyemwita Bwana Mbiombio, mtanashati wa kujidai ambaye kila siku aliikimbilia treni na kila siku treni ikamwacha. Mama alipoziona alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo Sidi akapata wazo la kuzipeleka kwa gazeti moja la Kiswahili lililochapishwa kisiwani, ng'ambo ya daraja la Makupa. Mara ya kwanza hakujibiwa. Mara ya pili mhariri aliandika kwamba picha zinapendeza ila maneno yamezidi. Msomaji, alisema, hahitaji kuambiwa kile anachokiona. Sidi alilia siku nzima. Kesho yake akaanza kukata maneno, akabakiza picha nne na sentensi mbili. Barua ya tatu ikaja: Bwana S. Kazungu afike ofisini.

Sidi alikuwa amelificha jina lake nyuma ya herufi moja, akihofia kwamba kazi ya msichana isingetazamwa mara mbili. Akamwomba Baba ajifanye ndiye mchoraji. Baba hakupenda, lakini hakuweza kumnyima. Tukavuka Makupa kwa miguu sisi watatu, Baba amevaa koti lake la kanisani.

Mhariri alikuwa mtu mpole wa Mji wa Kale. Aliamkiana na Baba kwa kirefu, akauliza habari za nyumbani na za kazi, halafu akamtia kalamu mkononi. Alitaka uso wa Bwana Mbiombio katika picha ya mwisho uonyeshe aibu zaidi. Baba aliinama mezani. Kalamu ilikuwa nyembamba mno kwa mkono uliozoea nyundo, tone la wino likadondoka pembeni mwa karatasi. Nilimwona Sidi amefumba macho. Baba akaiweka kalamu chini.

"Bwana, nisamehe," alisema. "Mchoraji ni huyu binti yangu. Mimi nimemsindikiza tu."

Mhariri akamsogezea Sidi kiti. Sidi akachora nyusi mbili na mdomo uliolegea, basi. Mhariri alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Akasema atachukua hadithi moja kila wiki, ila jina libaki vilevile, watu wasije wakaleta maneno. Sidi akakubali kwa kichwa.

Gazeti lilipotoka, nilisimama stesheni nikawatazama makuli wakisomeana na kucheka. Nilitaka kuwaambia kwamba vile viatu nilivijaza mimi. Mwaka uliofuata gazeti la Nairobi lilimwita Sidi, akaondoka kwa treni ya asubuhi. Krismasi ya kwanza alirudi. Ya pili alituma barua.

Alichora mpaka uzeeni, na hakuwahi kuliandika jina lake lote. Siku ya mazishi yake jirani mmoja aliniuliza kama yule Kazungu wa magazetini ni kaka yetu, na mbona hakuja. Nilimwambia kwamba ndiye tuliyetoka kumzika.

Siku hizi mjukuu wangu wa kike, huko Magogoni, anachora hadithi zake kwenye simu, na jina lake huliandika kwanza, kubwa, kabla hata ya picha. Hahitaji baba yake ajifanye ndiye mchoraji. Nafurahi naye kwa dhati. Lakini akinionyesha kazi yake namuwaza dada yangu, na ningetoa miaka yangu yote iliyobaki ili Sidi akae naye meza moja, hata kwa saa moja, amwambie maneno yamezidi.