Salamu za Kupeleka Ng'ambo

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ile Wabelgiji wangali wakitutawala, nilipojifungia ndani ya nyumba yetu hapa Goma nikiuhubiria ukuta. Kanisa lilikuwa limenichagua nivuke bahari, nikalisalimie kanisa la Ubelgiji lililotuletea Injili. Kijana mwingine angecheza kwa furaha. Mimi nilikosa usingizi. Kifaransa nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, na kila nilipokosea neno moja niliirudia hotuba yote tangu mwanzo. Nikaamua: jioni ile nitamwambia mchungaji amtume mwingine.

Basi Muzee Bahati, mzee wa kanisa, akasukuma mlango.

"Papa wangu mudogo, unagombana na nani humu?"

"Ninajifunza, Muzee. Lakini siendi tena. Kifaransa changu kina matundu."

Akacheka mpaka akakaa. "Kwani tulikutuma ukawafundishe Bazungu Kifaransa? Lugha yao wanayo. Sema, umebeba salamu za nani?"

"Za kanisa."

"Huyo Kanisa ni mutoto wa nani? Anakaa wapi?"

Kwetu msafiri hupita nyumba kwa nyumba kuaga, na kila nyumba humpa salamu yake ya kupeleka. Mimi sikuwa nimeingia hata moja. Niliona ni kupoteza saa za kusoma.

Muzee akaacha kucheka. "Ng'ombe anayetoka zizini bila watu kumwona, huyo ameibwa. Nenda ukaage. Ukirudi ungali unataka kukataa, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa mchungaji."

Nikavaa viatu vipya vya safari. Unayajua mawe yetu ya volkano: kabla sijamaliza mtaa wa Himbi nilikuwa nimevishika mkononi visichanike. Huko baba mmoja aliniambia, "Uwaambie maharage yamezaa, tunamshukuru Mungu." Nikafuata njia ya Sake mpaka karibu na ziwa dogo la Lac Vert, kwa Mama Kavira, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Ni weye mwenye kujificha? Tulisema labda umekwisha kuwa Muzungu!" Kisha akanishika mikono yote miwili. "Umwambie yule mama Muzungu aliyenizalisha hapa, kabla ya kurudi kwao: mapacha ni wazima. Mumoja ni mutundu sana. Usisahau hilo, atafurahi."

Jirani yake, mzee mkavu wa maneno, alitikisa kichwa. "Mimi sina salamu, nina swali. Tunawaombea kwa majina kila Jumapili. Na wao wanajua majina yetu?"

Kila nyumba waliniwekea mikono, wengine wakiomba kwa Kinyarwanda, wengine kwa Kinande. Nilirudi kichwa kimejaa watu mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Kwa mchungaji sikwenda. Jumanne nikapanda meli ya Bukavu kuianza safari.

Kule ng'ambo Kifaransa changu kilijikwaa mbele ya watu wote. Sikurudi mwanzo. Nilitaja watu wetu mmoja mmoja, na swali la yule mzee nikaliuliza kama lilivyo. Kisha mama mmoja wa benchi la mbele akavua miwani, akaniomba niyataje tena majina, polepole, naye akawa anayarudia.

Mwanangu, wewe unayefunga sanduku leo, jiandae vizuri, sikukatazi. Mkono mtupu haulambwi. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na ufundi wako peke yake ni kidole kimoja. Kabla ya kukariri maneno yako, kaa kwenye viti vya watu wanaokutuma, usikie wanataka kusema nini. Ukikosea mbele za wageni, endelea. Wengi walioniwekea mikono wamekwisha kulala, na hadi leo nikiomba nawashukuru, maana walinipa cha kusema nilipodhani sina kitu.

Mungu akutangulie majini na nchi kavu. Akupe mlango ulio wazi kila utakakobisha hodi, na akurudishe kwetu ukiwa na salamu nyingi kuliko ulizobeba. Amina.