Nilivyowapigia kelele ndege wa kompyuta mbele ya jopo la wahadhiri

Wakuu wa jukwaa hili, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani mkijifanya wagonjwa.

Nitakayoyasimulia yamenipata mimi mwenyewe, na nimeyapanga kwa mfuatano yalivyotokea. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote nimeyaacha yalivyo, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni mhadhiri wa lugha katika chuo kimoja huku Meru, na makazi yangu ni Nchiru. Ni mtu wa makamusi na miwani minene. Michezo ya kompyuta nilikuwa nikiiweka katika fungu moja na kutafuna miraa wakati wa ibada.

Mwaka huu niliombwa kuketi katika jopo la kupitisha miradi ya mwisho ya wanafunzi wa kompyuta. Ni desturi yetu kwamba jopo liwe na mtu mmoja kutoka idara nyingine, ili asiwepo wa kusema wenyewe kwa wenyewe wanapendeleana.

Siku hiyo binti mmoja, nitamwita Makena, mzaliwa wa Mitunguu, alituletea gemu.

Ilikuwa ya mtindo wa zamani, wa zile mashine zilizokuwa zikitiwa sarafu: uwanja mweusi, maadui wanashuka safu kwa safu, na mchezaji yuko chini akifyatua kuelekea juu. Maadui wake walikuwa ndege, wale kwelea kwelea, waliochorwa kwa vijimraba vyekundu na vya kahawia. Kilichokuwa kikilindwa ni shamba la mawele. Mchezaji alisimama na kombeo juu ya ulingo, yaani lile jukwaa la miti linalojengwa shambani kwa kazi ya kuamia, kuwafukuza ndege wasile nafaka.

Palikuwapo pia muziki wa kielektroniki, ambao aliutunga mwenyewe. Lakini spika za chumba zilikuwa mbovu, zikikwaruza, nami nikamwambia aufunge.

Nilisema, kwa sauti yangu ya siku zote, "Binti, hiki ni chombo cha kupotezea wakati. Swali la utafiti liko wapi?"

Wenzangu wakaandika. Alipewa mwezi mmoja wa kurekebisha. Akishindwa mara ya pili, asingehitimu mwaka huu; angerudia mwaka mzima, na nyumbani kwao wadogo zake wawili walikuwa wakingoja amalize ndipo nao waanze chuo.

Nilikwenda zangu kunywa chai. Iliniteremka vizuri.

Siku tatu baadaye aligonga mlango wa ofisi yangu. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika punde, na madirisha yalikuwa yangali yakitiririka.

"Prof, sikuja kulia," alisema. "Nimekuja ucheze."

"Nicheze nini?"

"Gemu. Ile siku mliikataa, hakuna hata mmoja wenu aliyeishika."

Akaiweka kompyuta juu ya makamusi yangu, akanipa vipokea sauti nivae masikioni.

Wakuu, hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ninajaribu kueleza kitu ambacho lugha yangu haijakizoea.

Muziki ulianza kwa sauti moja ndefu, nyembamba, kama joto linavyotetema juu ya mchanga saa saba za mchana. Chini yake mdundo ukaja polepole. Kila safu ya ndege ilipoongezeka, iliongezeka na sauti nyingine: moja ikitiririka kama maji ya mfereji, nyingine ikidonadona. Ndege walipoyakaribia mawele, mdundo ulikaza. Walipotawanyika ulilegea, hata ikabaki ile sauti ya kwanza peke yake, ikielea.

Sikuwa ofisini tena.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, huko kwetu Kiritiri, kwa Wambeere, juu ya ulingo wa shangazi yangu, miguu ikining'inia. Mbuzi walikohoa mahali fulani nisipopaona. Anga lilikuwa jeupe kwa jua, na kundi la ndege lilipinda juu ya kilima kama shuka linalokung'utwa. Hakuna kilichokuwa na haraka. Hata njaa ilikuja polepole, ikaketi kando yangu kama mgeni mpole.

Nilipovivua vile vipokea sauti, darasa langu la saa tisa lilikuwa limenisubiri, likachoka, likaondoka. Jambo hilo halikuwahi kunitokea tangu niajiriwe.

"Nimekufa mara ngapi?" nilimuuliza.

"Wewe hufi, Prof. Mawele ndiyo yanaisha. Yameisha mara sita."

"Kuna kitu hakiko sawa. Hawa ndege wanakufa."

"Si ni gemu ya kufyatua? Lazima wakufe."

"Kwetu hawakuwa wakifa."

"Kwani kwenu mlikuwa mnafanya aje?"

Nilikuwa na vitenzi vitatu vya kazi hiyo, na maelezo ya kila kimoja ningeyatoa bila kufungua kamusi. Lakini jinsi mwili wenyewe ulivyoifanya ilikuwa imenitoka kabisa.

Jumamosi tulikwenda Kiritiri. Mke wangu, Kawira, alikuja nasi, maana si adabu mhadhiri kusafiri na mwanafunzi wa kike wawili peke yao. Isitoshe, alisema, "Nataka nimwone aliyekufanya ukose darasa. Mimi nilijifungua watoto watatu na hukukosa hata moja."

Shangazi Igoki, dada mkubwa wa marehemu baba, angali akilima mawele na mtama nyuma ya nyumba. Alitupa uji, kisha Makena akaiweka kompyuta juu ya kigoda na kuifungua. Shangazi akainama kutazama.

"Hii ni nini?"

"Ni ndege, Cucu," Makena alisema, kama anayemwita bibi yake.

"Ndege? Nani alizikata kwa kisu kama sabuni?"

Makena alicheka, akamwonyesha kitufe cha kurushia mawe. Shangazi hakukigusa. Aliiweka mikono mgongoni, akangoja. Safu ya kwanza ilipoanza kushuka, alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaipigia skrini ukelele:

"Hoooooooi!"

Kuku walitawanyika. Kawira alijimwagia uji. Ndege wa kompyuta waliendelea kushuka kwa utaratibu wao, wakayala mawele yote.

Shangazi aliitazama skrini, kisha akamgeukia mwenye gemu kwa huruma ya kweli.

"Mtoto, ndege zako ni viziwi."

Makena akaanza kueleza habari ya kitufe. Shangazi akamkatiza.

"Hapana, sikia. Ukiua moja na jiwe, zile zingine zinajua nini? Hazijui kitu, zinakula tu. Sauti ndiyo inaambia zote."

Tulimfuata shambani. Mawele yalikuwa yameanza kukomaa, na kundi lilikuwa limetua upande wa mbali. Akapanda juu ya jiwe, akaita tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kundi zima liliinuka kwa pamoja, likapinda, likavuka ua wa miiba. Yeye hakuikata sauti mpaka ndege wa mwisho alipopita.

"Ukikata mapema," alisema akihema, "zinarudi. Zinajua umechoka."

Makena alijaribu. Ilitoka sauti fupi kama kikohozi.

"Hiyo ni ya kuita bodaboda," Shangazi alisema. "Toa kwa tumbo."

Walibaki pale mpaka jua lilipoinama, mmoja akiita, mwingine akiitikia. Mimi niliketi na mke wangu chini ya ukuta wa ghala nikiwasikiliza, nikiwa nusu macho na nusu ndotoni. Mimi pia ningeweza kujaribu. Sikujaribu. Nilikuwa nimevaa koti.

Makena aliporudi Nchiru aliliondoa kombeo. Badala yake aliweka maikrofoni. Sasa ndege walisikia. Ukiita kwa sauti ndefu isiyokatika waliinuka, na sauti yako yenyewe iliingizwa ndani ya muziki, ikanyooshwa, ikawa sehemu yake. Ukiikata kabla hawajavuka ua, walirudi. Kupiga makofi hakukusaidia kitu, wala kukemea kwa mkato. Na swali la utafiti lilijitokeza lenyewe: kompyuta itatofautishaje sauti ya mtu anayefukuza ndege na kelele nyingine zote za dunia?

Kwa majuma mawili aliifanyia majaribio katika chumba chake cha kupanga. Mlinzi wa ploti alimuuliza mwenzake, "Huyu msichana ameingia kanisa gani?"

Siku ya jopo ikafika. Nilikuwa nimemweleza mwenyekiti mapema kwamba nimemshauri mwanafunzi huyu, kwa hiyo sitapiga kura. Nikaketi mwishoni mwa meza, mtazamaji tu.

Makena aliingia, akafungua kinywa, na hapakutoka kitu ila mnong'ono.

Sauti ilikuwa imekwisha. Aliitumia yote katika kuijaribu gemu.

Alieleza kwa kunong'ona na kwa picha alizokuwa ameziandaa. Mwenyekiti, nitamwita Profesa Kirimi, alisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Sawa. Tuonyeshe ikifanya kazi."

Alijaribu. Ndege, waliomulikwa ukutani kwa projekta, hawakutikisika.

"Basi mmoja wetu ajaribu," mwenyekiti alisema.

Mjue chumba kile, wakuu. Kina zulia. Kina chupa za maji zilizopangwa mstari. Katika chumba kile watu wazima huomba ruhusa ya kukohoa.

Daktari mmoja, mama mcheshi wa idara ya hesabu, alisema "Heeei," kama anayemwita mhudumu wa hoteli asije akasikiwa na meza ya pili. Watu wakacheka. Mwingine akapiga makofi. Ndege walikuwa wamefika kwenye mawele.

"Si tuna Mmbeere hapa?" yule mama alisema akinitazama. "Mwalimu Njiru, wewe si ndiye mtu wa mbuzi na mtama? Saidia."

"Labda akiitoa kwa Kiswahili sanifu, ndege watahitaji tafsiri," mwingine akasema.

Nilitabasamu, nikatazama karatasi zangu.

Niwaambie ukweli. Sikuwa nimepaza sauti yangu hadharani kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanafunzi wanaotaka kunisikia huja kuketi mbele. Nilikuwa nikiihesabu hali hiyo kuwa heshima yangu, nami nilikuwa nimeijenga taratibu, kama mtu anavyojenga nyumba ya mawe.

Mwenyekiti aliitazama saa yake. "Kama haiwezi kuonyeshwa, binti yangu, hatuwezi kuipitisha. Pole."

Makena hakunitazama. Alikuwa akiyatazama mawele yakipungua punje kwa punje, na muziki ule ulikuwa umekaza.

Nilisimama. Nilifungua kifungo cha koti. Nikavuta pumzi mpaka nikahisi mbavu zikiuliza kulikoni.

Kisha nikaita.

Sijui sauti ile ilikuwa wapi miaka yote. Haikuwa ya mhadhiri. Ilianzia chini ya tumbo, ikapita kifuani bila kubisha hodi, ikatoka ndefu, ikaendelea kutoka. Kwenye ukuta niliwaona ndege wa kwanza wakiinuka, vijimraba vyekundu vikilegea kutoka kwenye mashuke. Muziki uliipokea sauti yangu, ukaikunja, ukairudisha ikiwa pana kuliko mimi. Meza iliyeyuka. Wenzangu waliyeyuka. Palikuwa na anga jeupe, na kundi likipinda, na mimi nikiwa mwepesi juu ya miti minne iliyofungwa kwa kamba. Pumzi ilianza kuniishia. Bado walisalia watatu. Wawili. Machozi yalinitoka kwa kukosa hewa, nikaendelea, nikaendelea, mpaka yule wa mwisho akavuka ua.

Ikabaki sauti ile moja nyembamba, ikielea chumbani.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mlinzi wa jengo, rungu mkononi, na nyuma yake makarani wawili.

"Nyoka iko wapi?"

Yule mama wa hesabu alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yakitikisika. Profesa Kirimi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na mtu yule, ambaye sijawahi kumwona akicheka, akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna safu ya pili?"

Ilikuwapo. Aliicheza yeye mwenyewe, akiwa amesimama, tai imelegea. Ya tatu waliicheza wote pamoja na mlinzi akiwemo, na mlinzi aliwashinda kwa mbali.

Makena alipita. Atahitimu mwaka huu.

Kabla kikao hakijafungwa niliomba jambo moja liandikwe katika kumbukumbu: kwamba mara ya kwanza nilitoa hukumu juu ya kazi ambayo sikuigusa, na ambayo muziki wake niliamuru ufungwe.

"Mwalimu, hilo si lazima," mwenyekiti alisema.

"Liandikwe."

Katibu akaandika.

Funzo nililolipata, wakuu, ni dogo, na wengi wenu pengine mlilijua kabla yangu. Nilikuwa nimejifunza kusoma vitu mpaka nikasahau kwamba vingine havisomwi. Ni lazima uviingie, na ukiviingia vitakudai kitu. Mimi vilinidai heshima niliyokuwa nimeijenga kwa miaka ishirini. Niliitoa kwa pumzi moja, na tangu siku hiyo wanafunzi wa viti vya nyuma wananisikia.

Sasa ni zamu yenu. Makena anakusanya sauti za mashamba mengine ili kila safu ya gemu iwe na ndege wa mahali pake, na ameniomba niwaulize. Ninyi wa Tharaka, wa Kitui, na jirani zetu wa Tanzania mnaolima mtama, mlikuwa mkiita vipi? Iandikeni mnavyoikumbuka, wala msijali tahajia.

Na ninyi wa mpunga wa Mwea, nasikia mlikuwa mkipiga madebe. Siku debe likipotea, mlifanya nini?